Nyuzi Mbili za Huzaifa

Mji wa Kale, Mombasa
9 Februari 1998

Kwa kaka yangu Abdulghafur,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai waraka huu utakufikia nawe u mzima, na baridi ya huko Leeds imeanza kulegea. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama mkwe wangu, Bi Zakiya, anakusalimu sana. Mguu unamsumbua kwa mvua hii isiyojua msimu, lakini ngazi bado anapanda. Shemeji Kamaludin naye anakusalimu. Idi ilipita. Watu walileta sahani zao, tukazirudisha na shukrani.

Niliambiwa ulipiga simu kwa jirani siku ya maziko. Usinione vibaya kwa kutokuja kuipokea, sikuweza kushuka. Najua hukuelezwa vizuri, basi nakueleza mara hii moja, usiniulize tena. Ilikuwa Jumanne tarehe kumi na tatu Januari, Ramadhani iko katikati. Huzaifa alitoka ofisini Shimanzi saa tisa, akapitia Makupa dukani kwa nduguye Kamaludin kumtengenezea mashine ya fotokopi. Alipokuwa akivuka barabara kurudi nyumbani, lori lilimgonga. Walipokuja kunambia nalikuwa nakuna nazi ya futari.

Sasa nimekaa eda katika chumba chetu cha juu. Mwanzo watu walikuwa wengi. Siku hizi anayekuja ni Mbodze tu, niliyekuwa nikifundisha naye kompyuta pale chuoni Ganjoni. Huja Jumamosi, akaniambia wanafunzi wananiulizia, akaondoka. Saa zilizobaki ni zangu peke yangu.

Ndilo lililonifanya niandike. Kompyuta ya Huzaifa ipo mbele yangu, ile ya prosesa mbili, bongo mbili kama alivyoziita, ambayo prosesa ya pili ulimletea wewe. Ule mchezo wa paka uliouona ukiwa mchanga umekua. Paka anakimbia juu ya mapaa na vibaraza vya Mji wa Kale, na mitaa yetu yote imo. Unajua Huzaifa hakutaka injini ya mchezo iliyoandikwa na mtu mwingine. Programu inayochora kila ukuta na kila kivuli aliiandika mwenyewe tangu mstari wa kwanza. Lakini ilikuwa nzito, picha tisa tu kwa sekunde, na paka alikuwa akienda kama mgonjwa. Kwa hivyo akaigawa kazi katika nyuzi mbili ziende pamoja, kila uzi kwenye prosesa yake. Uzi mmoja unahesabu: paka yuko wapi, nani anapita, mlango upi umefunguliwa. Uzi wa pili unachora tu. Haikuwa imekaa sawa alipofariki.

Aliniambia kampuni yako inangoja disketi kabla ya mwisho wa Juni, na kwamba wewe ndiye uliyemsemea kwa wakubwa. Nataka kuimaliza, Kaka. Sina ujuzi wake, lakini alinifundisha mengi, na muda ninao.

Basi nisaidie, wewe ni mtu wa kazi hiyo. Paka anapokimbia sana hukatika: kichwa kiko juu ya paa na mkia umebaki ukutani. Halafu hurudi kuwa mzima. Si kila mara, huenda ikapita nusu saa bila kutokea. Ni nini? Na ile orodha ya vitu vyote vilivyo mtaani, ambayo nyuzi zote mbili huigusa, inafaa uzi upi uishike? Nijibu upesi.

Nduguyo,
Mwanakuu

*

Leeds
2 Machi 1998

Kwa dada yangu Mwanakuu,

Waalaykum salaam warahmatullah. Waraka wako umefika, nimeusoma mara nyingi. Allah amrehemu Huzaifa na akupe subira. Unajua kwamba kabla hajawa shemeji yangu alikuwa rafiki yangu, tukikaa dawati moja miaka sita. Sina la kuandika juu ya hilo likaja vizuri.

Mimi sijambo. Idi niliisali katika msikiti wa Wapunjabi karibu na ninapokaa, wakanilisha, nikarudi chumbani. Theluji ilianguka wiki iliyopita ikayeyuka. Mwambie Bi Zakiya ajifunge mguu kitambaa cha sufu, nitamtumia.

Kuhusu yale maswali yako, nimechelewa kujibu kwa sababu kazi zimenibana. Nilizungumza na mwenzangu mmoja hapa, jina lake Tom, ambaye ndiye hasa anayeshughulika na mambo ya kuchora. Amesema hivi: "Mwambie asiwape wote wawili kitu kimoja. Kila mmoja awe na nakala yake." Anasema mchoraji anasoma orodha wakati mwenzake hajamaliza kuibadilisha, ndiyo maana paka anakatika. Natumai utamfahamu, mimi nimeandika alivyosema.

Lakini Mwanakuu, usijichoshe kwa ajili ya kampuni. Kampuni ni watu tu, leo wanataka hiki na kesho kile. Ukiona mzigo umekuwa mzito, uweke chini. Kula vizuri.

Kaka yako,
Abdulghafur

*

Mji wa Kale
27 Machi 1998

Kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na dua zisizo na hesabu. Sote wazima. Bi Zakiya amekwisha kuvaa kitambaa ulichomtumia, anasema kinawasha lakini hakivui. Mbodze anakusalimu ingawa hamjuani.

Mshukuru sana huyo Tom kwa niaba yangu. Maneno yake machache yalinitosha. Nilifanya orodha mbili. Uzi wa kuhesabu unaandika kwenye orodha yake, uzi wa kuchora unasoma kwenye yake, na kila picha inapokwisha wanabadilishana. Ilinichukua siku kumi na moja kwa sababu Huzaifa alikuwa ameigusa orodha ile katika mahali thelathini na nane, nami nilipaswa kupitia kila mahali. Sasa paka hakatiki. Picha zimefika ishirini na tatu kwa sekunde. Nalimkimbiza kutoka Kibokoni hadi Kuze bila kusimama, nikajikuta nimeshika meza kwa mikono miwili.

Bi Zakiya alinisikia nikimhimiza paka. Akapanda ngazi taratibu, akasimama mlangoni.

"Wazungumza na nani?"

Nikamwambia sizungumzi na mtu, naitazama kazi ya Huzaifa. Nilidhani atanikemea kwamba mwenye eda anacheza michezo. Akaja akaketi kitandani, akatazama. Nikampeleka paka polepole hadi mtaani kwetu.

"Huu si mlango wetu huu?"

"Ndio, Mama."

"Na hapa ndipo nikaapo jioni."

"Ndipo."

Akasogea karibu na kioo. Kisha akasema, "Mbona mimi simo?"

Nikamwambia watu wa barazani hakuwahi kuwachora, alikuwa anataka kwanza mitaa imalizike. Akaitika. Akaniomba nimwache paka pale pale mbele ya mlango, asiende. Tulikaa hivyo hadi adhana ya alasiri. Tangu siku hiyo hupanda kila siku baada ya chakula, haniulizi kitu, hutazama tu.

Kaka, ulikuwa unajua kwamba Huzaifa aliandika katikati ya mistari ya programu maneno yasiyokuwa ya programu? Wenye kazi hii huacha vijimaelezo kwa ajili yao wenyewe, kompyuta huvipita bila kuvisoma. Yeye alitia mambo yake yote humo. "Hapa nimechoka, Mwanakuu ameleta mkate wa sinia." "Hesabu hii si sawa lakini inakwenda." "Leo jua kali." Ni mafaili zaidi ya mia. Sikuyapekua, nayasoma kwa mpango, kila siku machache ninapoyafanyia kazi, ili nisiyamalize haraka.

Shemeji Kamaludin ameulizia kompyuta mara mbili. Duka lake la Makupa linahitaji. Si mtu mbaya, ana watoto wanne.

Nieleze habari zako wewe. Kazi yako inakuchosha mwili? Unapata viatu vizuri vya baridi? Mgongo haukuumi? Kuhusu programu sina swali, usisumbuke tena kumuuliza mtu.

Wako,
Mwanakuu

*

Leeds
4 Mei 1998

Dada yangu,

Alhamdulillah kwa habari njema. Nilimweleza Tom, akasema siku kumi na moja ni chache sana kwa kazi ile.

Mimi mzima. Umeniuliza mambo ya mgongo na viatu, nikacheka, nikadhani umekuwa Mama yetu marehemu. Sina neno. Siku zimekuwa ndefu huku, jua linatua saa tatu usiku na mtu hajui la kufanya na jioni yote hiyo. Hutembea hadi mto, nikarudi.

Nimehesabu kwa kalenda ya msikitini. Eda yako, miezi minne na siku kumi, itakamilika Mei ishirini na moja. Ukitoka, usikae ndani tena. Nenda Ganjoni ukaulize nafasi yako, Mbodze atakushika mkono. Ule mchezo si lazima uishe.

Nawe unaniandikia kama mtu anayetembelea mgonjwa. Niulize mambo ya kazi kama zamani.

Kaka yako,
Abdulghafur

*

Mji wa Kale
10 Juni 1998

Kaka yangu,

Nakusalimu kwa salamu njema na natumai u buheri wa afya. Huku Bi Zakiya hajambo. Jirani yetu aliyekuwa na ile simu ameozesha binti, tumesikia ngoma kupitia dirishani na tukaletewa biriani.

Ndani ya bahasha hii kuna disketi tatu. Alizinunua Mbodze, kwa kuwa mimi siwezi kwenda dukani. Mchezo umekwisha, Kaka. Nitakueleza ulivyokwisha kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumweleza.

Baada ya lile la kwanza kutengenezeka, likabaki jingine baya zaidi. Paka hukimbia vizuri dakika arubaini, saa nzima, kisha kila kitu husimama. Hakuna kosa linaloandikwa, hakuna mlio. Mtaa umetulia tuli, na kompyuta inangoja, na hujui inangoja nini. Ni kuizima na kuiwasha upya. Mara nyingine ilipita siku mbili bila kutokea, nikadhani limekwenda zake, likarudi.

Nikachukua daftari la hesabu nikapiga mstari katikati. Upande mmoja niliandika kila linalofanywa na uzi wa kuhesabu, hatua kwa hatua, na upande wa pili uzi wa kuchora. Nilijaza kurasa sitini. Huzaifa aliweka kufuli mbili, ili nyuzi zisiingiliane: kufuli ya orodha na kufuli ya sanduku la picha za kuta. Anayetaka kugusa kitu hufunga kwanza kufuli yake, na mwenzake hungoja. Siku ya tisa nikaona. Uzi wa kuhesabu hufunga orodha kwanza, halafu unataka sanduku. Uzi wa kuchora hufunga sanduku kwanza, halafu unataka orodha. Siku nyingi hupishana bila kujua. Ikitokea wakashika wakati mmoja, kila mmoja ameshika anachokitaka mwenzake, na hakuna atakayeachia. Watangoja hapo hadi umeme ukatike.

Dawa yake ilikuwa fupi. Wote waanze na orodha, kisha sanduku. Nilihamisha mistari minne. Nikaiacha kompyuta inakimbia siku tatu mchana na usiku, haikusimama.

Siku ya tatu ndipo Kamaludin alipokuja na hamali wawili na mkokoteni. Akabisha hodi kwa adabu zake zote, akasema, "Shemeji, nimekuja kuchukua ile mashine. Nimevumilia miezi mitano."

Nikamwambia bado inafanya kazi, haifai kuzimwa leo.

"Kazi gani? Paka anakimbia peke yake."

Bi Zakiya alikuwa kitandani mahali pake. Akasema bila kugeuka, "Kamalu, kitu cha marehemu nduguyo hakigawanywi sasa."

"Mama, kila kitu kina wakati. Wakati umepita."

"Nenda kwa kadhi ukamuulize, kwa nini mirathi ya Huzaifa yangoja."

Kamaludin akamtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. Akaondoa kofia, akaivaa tena. Akawaambia wale hamali washuke, akashuka nao. Jioni alituma mtoto na samaki.

Basi pokea disketi zako. Uwape kampuni au usiwape, ni hiari yako. Nilipomaliza nilidhani nitafurahi. Nilikaa nikangoja, furaha haikuja. Faili la mwisho nimelisoma jana. Hakuna tena mstari wake ambao sijausoma.

Mwanakuu

*

Leeds
6 Julai 1998

Mwanakuu,

Assalaam alaykum. Leo sitaanza na habari za hali ya hewa.

Nimeziweka disketi zako mezani siku tisa. Kila nikitoka nazitia mfukoni, nikirudi nazitoa. Nimeandika barua hii mara nne nikaichana. Nisome hadi mwisho kisha useme unavyotaka.

Kampuni haingoji kitu. Waliukataa mchezo wa Huzaifa tangu Novemba, kabla hajafa. Mkubwa alitazama dakika mbili akasema ni mzito na watu hawataki paka. Nilisema moyoni nitamwandikia Huzaifa wiki ijayo, tena wiki ijayo. Ikaja Januari. Kisha ukaandika wewe, kwamba unataka kuumaliza, na nikaona ndicho kitu pekee kinachokuamsha asubuhi. Sikuwa na moyo wa kukinyang'anya. Au nilikuwa mwoga, sijui tena tofauti yake.

La pili. Mimi si mtengenezaji programu. Sijawahi kuwa. Masomo niliyaacha mwaka wa pili, fedha ziliisha na akili haikushika, nikaona haya kurudi. Kampuni ile ni ya kweli na mimi nafanya kazi pale, lakini niko stoo. Nafunga michezo kwenye makasha na kuyapakia garini. Disketi ya Huzaifa nilimpa mkubwa kwenye mlango wa kantini kama mtu anayeomba msaada. Tom ni kijana mwema tu ambaye hunisalimu. Ndiyo sababu Baba alipofariki sikuja. Ningeulizwa na watu wazima barazani, wajenga nini huko Ulaya, na mimi nisingekuwa na la kusema.

Miaka tisa nimewaacha mjivune bure. Huzaifa alikuwa akiniandikia maswali ya hesabu ndefu, nami nikimjibu kwamba nina shughuli. Alikufa akiniamini. Hilo ndilo linalonila.

Na sasa nikuulize mimi. Eda yako ilipaswa kwisha Mei ishirini na moja. Barua yako ni ya Juni kumi, nawe unasema huwezi kwenda dukani. Na Bi Zakiya anamwambia mwanawe mirathi inangoja. Nilikaa na karatasi nikahesabu upya, sikupata kosa. Kisha nikakumbuka mke aliyefiwa akiwa na mimba eda yake ni hadi ajifungue, na kwamba mtoto aliye tumboni ana fungu lake.

Kama nimekosea, nisamehe. Kama sikukosea, kwa nini hukunambia?

Abdulghafur

*

Mji wa Kale
14 Septemba 1998

Kaka yangu Ghafur,

Waalaykum salaam. Nimekuweka sana, najua. Nilikuwa nangoja niwe na la kukuandikia lililo zima.

Ni msichana. Alizaliwa Jumamosi, Agosti ishirini na tisa, saa nne asubuhi. Bi Zakiya ndiye aliyemshika wa kwanza. Tumemwita Rukiya, jina la Mama yetu. Ana masikio ya Huzaifa, makubwa, Mungu amsamehe. Eda yangu ilikwisha saa hiyo hiyo aliyozaliwa, na juzi nilitoka kwa mara ya kwanza. Nilikwenda hadi kona ya mtaa na kurudi, jua likaniumiza macho.

Hukukosea hesabu. Sikukwambia kwa sababu mara mbili huko nyuma nilikwambia mapema, na mara mbili nikalazimika kukuandikia tena kwamba mtoto hayuko. Mara hii sikutaka barua ya pili. Bi Zakiya alijua, Mbodze alijua, kwa kuwa walikuwa wananiona. Wengine niliwanyima. Nawe nilikunyima, ingawa ni wewe niliyetaka kumwambia.

Sasa yako. Kaka, nilijua. Nimejua tangu Machi, siku chache baada ya kupata barua yako ya kwanza. Katika faili la nyuzi, chini ya mistari ya kufuli, Huzaifa ameandika hivi, nakunakilia neno kwa neno:

"Desemba 19. Leo nimepiga simu Leeds kutoka ofisini. Nikamuulizia Ghafur, wakaniuliza, yule wa stoo? Wakanipa mkubwa. Anasema mchezo waliukataa zamani. Ghafur hajanambia, basi na mimi sitamwambia kwamba najua. Ataniambia akiweza. Mwanakuu nisimwambie, atamwonea huruma na yeye hataki kuonewa huruma. Uzi wa kuchora bado unasimama. Kesho nitazame kufuli."

Ndiyo yote. Mstari unaofuata ni programu. Aliendelea kufanya kazi siku ishirini na tano baada ya hapo, akijua hakuna anayeingojea. Kwa hivyo hakufa akidanganyika, Kaka. Usilibebe hilo. Alikujua ulivyo na akaendelea kukuandikia.

Na mimi nikafanya kama alivyofanya yeye. Niliacha kukuuliza mambo ya programu, nikakuuliza viatu na mgongo, kwa kuwa mtu wa makasha huumwa mgongo. Nilitumai utaniambia. Ulipokasirika kwamba nakuandikia kama mgonjwa, nalilia, kwa sababu nilikuwa najitahidi nisionekane.

Umesema uliniachia kitu cha kuniamsha. Ni kweli, lakini si kampuni iliyoniamsha. Mle ndani ndimo mlimokuwa na Huzaifa. Kila faili nilipata neno lake moja au mawili ambayo sikuwahi kuyasikia. Nilikuwa mke wake miaka sita na sikujua kwamba alikuwa anahesabu siku za jua. Sasa yamekwisha. Nikiwasha kompyuta, paka anakimbia vizuri sana na hakuna anayesema kitu. Kamaludin nimemwambia aje kuichukua mwisho wa mwezi, ameniomba radhi, nami nimemwomba radhi.

Nina haja moja kwako. Wewe una barua zake. Aliniambia alikuwa akikuandikia mara kwa mara, na kwamba wewe hutupi karatasi. Nitumie. Sitaki uniandikie yaliyomo, nataka mwandiko. Rukiya atakapoweza kusoma atakuwa na kitu cha baba yake kisichohitaji umeme.

Nakuomba hilo tu. Mengine yote yamekwisha baina yetu, usiyarudie.

Dada yako,
Mwanakuu

*

Leeds
2 Oktoba 1998

Dada yangu Mwanakuu,

Salamu kwako, kwa Bi Zakiya, na kwa Rukiya ambaye simjui.

Tom aliuwasha mchezo wenu kwenye kompyuta yake saa ya chakula. Hakuna mkubwa aliyekuwapo. Aliniachia kiti. Mimi sijui kucheza, nikampeleka paka polepole kwa kidole kimoja. Nilifika mahali pa kukata kona kuelekea nyumba ya Baba, nikashindwa kukumbuka ni kulia au kushoto. Miaka tisa tu. Tom akaniuliza nimepotea? Nikamwambia ndio.

Barua zake ziko hapa, kumi na saba. Nimezipanga kwa tarehe. Nilikwenda posta nazo Jumatatu, yule mama wa dirishani akazipima, akaniambia zitafika baada ya wiki tatu, na wakati mwingine hupotea. Nikamwomba anirudishie.

Nimechukua likizo yote ninayodai. Nitafika Mombasa Jumapili tarehe kumi na tano Novemba, ndege ya asubuhi. Mtu yeyote akikuuliza kazi yangu, mwambie ukweli kabla sijafika, ili nikiingia barazani wawe wamekwisha kunizungumza.

Usije uwanja wa ndege na mtoto. Ningojeni nyumbani.

Abdulghafur